Sura ya 6: Mchele Mwekundu, Soya na Swali la Lehemu

"Hizi dawa za Kichina za kushusha mafuta kwenye damu, zinafanya kazi kweli?" Anayeuliza hivi mara nyingi ametoka kupima. Mkononi ana karatasi ya maabara yenye alama pembeni ya herufi LDL, na kwenye simu ametumiwa picha ya kopo lenye maandishi ya Kichina na mchoro wa moyo mwekundu. Aliyemtumia picha amemwambia mambo mawili. La kwanza, kilichomo koponi kina nguvu kuliko vidonge vya hospitali. La pili, asiogope, maana si dawa bali ni chakula tu, na Wachina wanakila tangu enzi za mababu zao.

Ahadi hizo mbili ni fahali wawili waliofungiwa zizi moja. Kitu kinachoweza kushusha lehemu kwa robo nzima ndani ya miezi michache kinaingilia kazi ya ini, na kinachoingilia kazi ya ini kwa kiasi hicho kinaweza pia kudhuru. Kisichoweza kudhuru hata kidogo, kwa kawaida hata kushusha hakishushi sana. Hoja ya sura hii inatoka hapo. Jiko la Kichina lina vitu ambavyo ni dawa hasa, ingawa vimevaa nguo za chakula, na hivyo tuviheshimu kama dawa. Lina pia vyakula vya kweli, ambavyo nguvu yake ni ndogo na hutokana zaidi na kile kinachoondoka sahanini vinapoingia. Anayechanganya makundi haya mawili hupoteza fedha, na wakati mwingine hupoteza figo.

Lehemu ina milango mitatu

Lehemu, ambayo wengi tunaiita kolesteroli, ni kitu laini kama nta. Mwili unaihitaji kwa kujengea kuta za seli, kutengenezea homoni za uzazi na kutengenezea nyongo. Sehemu kubwa ya lehemu iliyomo mwilini haikuingia kwa mdomo, imetengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndiyo karakana kuu. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kugusa yai wala maini na bado akakuta vipimo viko juu. Kwa kuwa nta haiyeyuki majini, na damu kwa kiasi kikubwa ni maji, lehemu husafirishwa ikiwa imefungashwa. Furushi linaloitwa LDL ndilo linaloibeba kwenda sehemu mbalimbali za mwili, na mafurushi hayo yakizidi kwa miaka mingi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya damu, yakaifanya iwe migumu na myembamba ndani. Mwisho wa safari hiyo ni mshtuko wa moyo au kiharusi.

Wanasayansi wawili wa Texas, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jinsi damu inavyosafishwa. Juu ya seli za ini kuna vitu mfano wa ndoano vinavyonasa LDL inayopita na kuivuta ndani. Ini likiwa na lehemu ya kutosha, hupunguza ndoano. Likipungukiwa, huziongeza, na kadiri ndoano zinavyoongezeka ndivyo damu inavyobaki safi. Ukilishika jambo hili moja, karibu kila kitu kinachouzwa kwa jina la kushusha lehemu unaweza kukiuliza swali la maana: wewe unalipunguziaje ini lehemu, au unaliongezeaje ndoano?

Njia zilizothibitishwa ni chache, na tunaweza kuziita milango. Mlango wa kwanza ni karakana yenyewe: unazuia kimeng'enya, yaani protini inayoendesha hatua fulani ya kazi ya mwili, ili ini lishindwe kutengeneza lehemu nyingi. Mlango wa pili ni nyongo. Ini hutumia lehemu kutengeneza nyongo, huimwaga utumboni kusaidia kusaga mafuta, kisha utumbo huirudisha karibu yote ili itumike tena. Ukiinasa nyongo humo utumboni ikatoka na choo, ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake huivuta kutoka kwenye damu. Mlango wa tatu ni sahani. Mafuta yanayoganda kwenye baridi, kama ya nyama ya nguruwe, ya kondoo, siagi na samli, hulifanya ini lipunguze ndoano. Ukiyapunguza, ndoano hurudi.

Mchele uliopandwa ukungu

Mlango wa kwanza ndio wenye nguvu kuliko yote, na katika jiko zima la Kichina hakuna kinachougonga kama hongqu, mchele mwekundu wa kuchachua. Tusiuchanganye na mchele ambao ganda lake ni jekundu kwa asili. Huu huanza ukiwa mweupe kabisa. Unalowekwa, unapikwa kwa mvuke, unaachwa upoe, kisha unachanganywa na mbegu ya ukungu uitwao Monascus, ambao ni ndugu wa mbali wa ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Mchele hulundikwa kwenye chumba chenye joto, hugeuzwa kwa mikono na kunyunyiziwa maji siku hadi siku. Punje huanza kwa madoa ya waridi, zikawa nyekundu, mwishoni zikawa na rangi ya damu iliyokauka hadi kwenye kiini. Zikishakaushwa huwa nyepesi, na ukiibana moja kati ya vidole inapasuka na kuacha unga mwekundu kwenye ngozi. Wilaya ya Gutian, katika jimbo la Fujian, imejulikana kwa kazi hii tangu zamani. Wenyeji wa jimbo hilo huchachusha pombe ya mchele kwa hongqu, na machicha yake mekundu huyapikia samaki na nyama. Kwingineko China unga huo hutia rangi tofu (jibini la soya) iliyochachuliwa na nyama ya kuoka.

Li Shizhen, mwandishi wa kitabu kikuu cha dawa cha Wachina kiitwacho Bencao Gangmu, kilichochapishwa mwaka 1596, aliutaja mchele huu miongoni mwa vitu vya kusaidia tumbo na mzunguko wa damu. Hapo ndipo wauzaji huanzia hadithi yao. Kinachoeleza kwa nini unashusha lehemu, hata hivyo, kilipatikana karne nne baadaye, na hakikupatikana China.

Mapema miaka ya 1970 Mjapani Akira Endo, mwanakemia wa kampuni ya dawa jijini Tokyo, alikuwa akitafuta ukungu unaoweza kuzuia kimeng'enya cha lehemu. Alipima aina zipatazo 6,000. Kitu cha kwanza alichokipata kikizuia kimeng'enya hicho kilikuwa sitrinini, na ilimbidi akiache kwa kuwa ni sumu ya figo. (Msomaji alishike jina hilo, litarudi.) Cha pili kilitoka kwenye ukungu uliookotwa katika mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto, na hicho ndicho kilichozaa kundi zima la dawa zinazoitwa statini. Mwaka 1979 Endo akatoa tangazo jingine: ndani ya ukungu wa jamii ya Monascus amepata kitu alichokiita monakolini K. Kumbe wakati huohuo kampuni moja ya Marekani ilikuwa imepata kitu hichohicho kutoka ukungu mwingine, nacho kikaja kuitwa lovastatini. Mwaka 1987 lovastatini ikawa statini ya kwanza kuidhinishwa kuuzwa Marekani.

Kwa hiyo monakolini K ya mchele mwekundu na lovastatini ya duka la dawa hazifanani tu: ni molekuli moja yenye majina mawili. Anayekataa vidonge vya statini kwa sababu "ni kemikali" kisha akanunua kapsuli za mchele mwekundu kwa sababu "ni asilia" amekataa kitu kwa mkono wa kulia na kukipokea kwa wa kushoto.

Ushahidi wa Wachina wenyewe

Mtu anaweza kupinga: basi kama ni kitu kilekile, si ndiyo uthibitisho kwamba kinafanya kazi? Ndiyo, na hapa haifai kuwa mbahili wa kukiri. Wachina walifanya jaribio kubwa la dawa iitwayo Xuezhikang, ambayo ni dondoo la mchele mwekundu lililofungwa kwenye kapsuli. Wagonjwa wapatao 4,870, wote wakiwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa Xuezhikang, jingine kapsuli tupu zinazofanana nayo, na wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika kundi la kapsuli tupu, watu 10.4 kati ya kila 100 walipata tena mshtuko wa moyo au kufa kwa ugonjwa wa moyo. Katika kundi la Xuezhikang walikuwa 5.7. LDL ilishuka kwa takriban sehemu moja ya tano.

Hayo si matokeo ya kubezwa. Kuna statini za viwandani zilizojivunia machache kuliko hayo. Lakini tuangalie kilichofanyika. Kapsuli zile zilitengenezwa kwa kipimo, kila mgonjwa akipata kiasi cha miligramu 10 hadi 13 za monakolini K kwa siku. Zilitolewa hospitalini na madaktari waliokuwa wakipima damu ya wagonjwa wao, na China kwenyewe Xuezhikang huandikwa na daktari. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba dawa iliyopimwa vizuri, iliyotoka kwenye mchele, inaokoa maisha. Halikuthibitisha chochote kuhusu kopo lisilojulikana lilikotengenezwa, wala kuhusu bata wa kuoka aliyepakwa rangi nyekundu.

Tofauti hiyo wengine wataiona kama ya wanasheria. Si hivyo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walinunua aina 12 za kapsuli za mchele mwekundu zilizokuwa sokoni wakazipima. Vibandiko vilifanana, lakini kiasi cha monakolini katika kapsuli moja kilianzia sehemu ya miligramu hadi zaidi ya miligramu 10. Mnunuzi mmoja alikuwa anameza kitu kisicho na nguvu, mwingine kipimo kamili cha dawa, na wote wawili waliamini wanakula kitu kimoja. Katika aina nne kati ya hizo 12 kulikuwa na sitrinini, ile sumu ya figo ambayo Endo aliikataa. Ukungu wa Monascus unaweza kuitoa usipochaguliwa na kulelewa kwa uangalifu. Ni sawa na kununua kilo ya sukari bila kujua kama mfuko una robo au una kilo kumi, na bila kujua kama kuna aliyemwagia dawa ya panya.

Sheria nazo zimehangaika na kitu hiki kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua mwaka 1998 kwamba mchele mwekundu wenye monakolini K ya kutosha ni dawa isiyoidhinishwa, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaiunga mkono. Matokeo yake, kopo lisilofanya kazi likawa halali na linalofanya kazi likawa haramu. Umoja wa Ulaya ulitembea njia nyingine. Mwaka 2011 wataalamu wake walikubali kwamba miligramu 10 kwa siku husaidia kuiweka lehemu katika kiwango kizuri, na mwaka 2022, baada ya ripoti za maumivu ya misuli na madhara ya ini, Umoja ukashusha ukomo hadi chini ya miligramu 3 kwa siku, pamoja na onyo kwa wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na waliovuka 70.

Kisha ikaja Japani. Machi 2024 vidonge vya mchele mwekundu vilivyotengenezwa Osaka na kutangazwa kwa kushusha lehemu viliondolewa sokoni baada ya watumiaji kuanza kuugua figo. Waliolazwa walikuwa mamia, na vifo vikaripotiwa. Wachunguzi walikuta kwamba ukungu mwingine, wa buluu, ulivamia mchele kiwandani na kuacha sumu iitwayo asidi ya puberuli. Safari hii kosa halikuwa la monakolini wala sitrinini. Ni hatari ya kawaida ya kulea ukungu mmoja kwenye nafaka yenye joto na unyevu, mahali ambapo ukungu wowote ungependa kuishi. Na yote hayo yalitokea katika nchi yenye ukaguzi mkali kuliko nyingi.

Kwa kifupi: mchele mwekundu hushusha LDL kwa sababu una statini ndani yake. Ukiwa umepimwa ni dawa nzuri. Usipopimwa ni bahati nasibu.

"Lakini wameutumia miaka elfu"

Hoja hii ndiyo inayosemwa kuliko zote, na inastahili jibu la heshima kwa sababu ndani yake mna busara fulani. Chakula kilicholiwa na vizazi vingi bila kuua watu kimepita mtihani mkubwa. Tatizo ni kwamba kilichopita mtihani si kile kilichomo koponi. Mpishi wa Fujian hutia hongqu kidogo kwa ajili ya rangi na harufu, na mafundi wa jikoni kwa karne nyingi walichagua ukungu wenye rangi kali, hawakuchagua wenye monakolini nyingi. Kapsuli ya kisasa hutokana na ukungu uliochaguliwa kwa kusudi tofauti, mchele uliochachushwa kwa njia tofauti, na humezwa kila siku kwa miaka. Umri wa bata mwekundu hauwezi kuwa dhamana ya kapsuli.

Kuna jambo la pili. Hakuna mganga wa kale, wa China wala wa kwingine, aliyewahi kusema chakula fulani kinashusha lehemu, kwa sababu lehemu haikujulikana. Mfaransa Chevreul aliipa jina mwaka 1815, akiwa ameitoa kwenye mawe ya nyongo, na kuipima kwenye damu ya watu wa kawaida ni jambo la karne ya 20. Li Shizhen alizungumzia tumbo, damu iliyokwama na uchovu. Kumtia maneno ya maabara mdomoni si kumheshimu. Wala hatupaswi kuangukia upande wa pili na kudharau alichokiona: Wachina wana msemo kwamba chakula na dawa vina asili moja, na tabibu Sun Simiao wa karne ya 7 alishauri mgonjwa atibiwe kwanza kwa chakula, dawa zifuate chakula kikishindwa. Ushauri huo bado una akili. Ila yeye alizungumzia mlo unaobadilishwa, na kidonge kinachoongezwa juu ya mlo uleule ni jambo jingine.

Wenye sifa nyingi na nguvu kidogo

Hapa tutapita haraka, maana ushahidi wenyewe ni mwembamba. Chai ya kijani ndiyo maarufu zaidi. Mwaka 2011 watafiti walikusanya pamoja majaribio 14 yenye watu 1,136, wakakuta LDL inashuka kwa wastani wa miligramu 2 hivi kwa desilita, ambayo ni sehemu ya kumi ya lita. Mwenye 160 atashuka hadi 158. Kushuka huko ni kwa kweli, lakini ni kudogo kiasi kwamba vipimo viwili vya damu ya mtu huyohuyo katika wiki moja vinaweza kupishana zaidi ya hapo. Chai ya kijani ina faida moja isiyo na ubishi kwa msomaji wa Afrika Mashariki: hainywewi na vijiko vitatu vya sukari wala maziwa mazito.

Kitunguu saumu, ambacho Wachina na sisi tunakipenda sawasawa, kilipelekwa mahakamani huko Stanford, California. Watu 192 wenye LDL ya juu kiasi waligawanywa makundi, kipimo kikiwa punje moja kwa siku, siku sita za wiki, kwa miezi sita. Wengine walikula kibichi kilichowekwa ndani ya mkate, wengine vidonge vya aina mbili, wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo ya mwaka 2007: hakuna tofauti yoyote kwenye LDL. Kinabaki kiungo kitamu.

Shanzha ni tunda dogo jekundu, ukubwa wake hauzidi sana kunazi, na ukakasi wake huvuta mashavu. Beijing wakati wa baridi hulitunga kwenye kijiti, likachovywa sukari ya moto inayoganda kama kioo. Watabibu wa Kichina hulitoa kwa mtu aliyevimbiwa nyama, na kutoka "kusaga nyama" hadi "kuyeyusha mafuta ya damu" ni hatua moja tu ya mtangazaji. Majaribio yaliyopo ni madogo mno kubeba madai hayo, na lile ganda la sukari halisaidii.

Huanglian, mzizi mchungu wa manjano, una habari nyingine. Ndani yake mna berberini, ambayo China huuzwa kwa bei rahisi kama dawa ya kuharisha. Mwaka 2004 watafiti wa Kichina walionyesha kwamba berberini huliongezea ini zile ndoano kwa njia tofauti na ya statini, na katika kundi dogo la wagonjwa LDL ilishuka kwa robo ndani ya miezi mitatu. Majaribio makubwa yanahitajika kabla ya kuipa cheo. Lakini yeyote aliyewahi kuonja mzizi huo hatabishana nasi kwamba hiki si chakula.

Nguvu ya vyakula vya kawaida

Tukifika kwenye soya, oti na kunde, mandhari hubadilika. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoshusha LDL kwa robo. Protini ya soya, gramu 25 kwa siku, hushusha kwa asilimia 3 hadi 4. Marekani iliruhusu mwaka 1999 soya itangazwe kuwa rafiki wa moyo, na mwaka 2017 mamlaka ileile ikapendekeza kuifuta ruhusa hiyo kwa kuwa majaribio ya baadaye hayakukubaliana. Oti hufanya vizuri zaidi. Zina utelezi uitwao beta-glukani, uleule unaofanya uji wake uvutike kwenye kijiko, na gramu 3 za utelezi huo kwa siku, kiasi kinachopatikana kwenye bakuli kubwa la uji, hunasa nyongo utumboni na kushusha LDL kwa asilimia 5 hadi 7. Kuhusu jamii ya kunde, majaribio 26 yaliyounganishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kikombe kidogo cha maharage au dengu zilizopikwa, gramu 130 kwa siku, hushusha kwa asilimia 5. Wachina huchemsha choroko wakanywa mchuzi wake wakati wa joto. Sisi huziunga kwa nazi. Nyuzinyuzi ni zilezile, ingawa tui lina mafuta yanayoganda, na hilo lazima lisemwe.

Mpinzani wetu atauliza: asilimia 5 zitamsaidia nini mtu aliyeambiwa yuko hatarini? Jibu lilitoka Toronto. Mwaka 2003 mtafiti David Jenkins na wenzake waliwagawa watu 46 makundi matatu, na kundi moja likapewa mlo uliokusanya vyakula hivi vyenye nguvu kidogo: soya badala ya nyama, oti na shayiri, bamia na biringanya kwa utelezi wao, lozi, na siagi ya mimea iliyoongezwa viini vinavyozuia lehemu kufyonzwa. Baada ya mwezi mmoja LDL ya kundi hilo ilishuka kwa asilimia 28.6. Kundi lililopewa lovastatini, ambayo ndiyo monakolini K, lilishuka kwa 30.9. Waliokula tu mlo wa kawaida wenye mafuta machache walishuka kwa 8.

Tusishangilie mapema. Chakula kile kiliandaliwa na watafiti wenyewe. Ushauri huohuo ulipojaribiwa katika utafiti wa watu 351 nchini Kanada, baada ya miezi sita LDL ya walioupewa ili wajipikie nyumbani ilishuka kwa asilimia 13 hivi, yaani karibu nusu ya ile ya kwanza. Bado ni nyingi kuliko chai na kitunguu saumu kwa pamoja. Na inaonyesha jinsi vyakula hivi vinavyofanya kazi: tofu iliyokaa mahali pa kipande cha nyama yenye mafuta inasaidia mara mbili, kwa ilicholeta na kwa ilichoondoa. Tofu iliyokaangwa na kuwekwa juu ya nyama hiyohiyo haisaidii chochote.

Kabla hatujaenda mbali, kwa aliyeshika kopo mkononi sasa hivi, mambo ya kumwambia daktari au mfamasia ni haya:

- Kama tayari unameza statini yoyote, mchele mwekundu ni statini ya pili. Maumivu ya misuli yasiyoeleweka na mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dalili za kukimbilia hospitali.
- Kama unatumia dawa za VVU zenye ritonavir, au baadhi ya viuavijasumu na dawa za fangasi kama ketokonazoli, monakolini K inaweza kujaa mwilini kupita kiasi. Balungi hufanya vivyo hivyo.
- Mjamzito au anayenyonyesha asiuguse mchele mwekundu.
- Kopo lisilotaja miligramu za monakolini K wala kipimo cha sitrinini halina cha kujadiliwa.

Nchi yenye vyakula hivyo vyote

Kuna ushahidi mmoja ambao wauzaji hawauweki kwenye vipeperushi. Miaka ya 1980 watafiti walipima damu ya watu wa wilaya 65 za vijijini China. Wastani wa lehemu yote ulikuwa miligramu 127 kwa desilita, ambazo maabara zetu zingeandika milimoli 3.3 kwa lita. Wamarekani wa wakati huo walikuwa na 203. Mtu angesema: hayo ndiyo matunda ya chai, soya na hongqu. Lakini utafiti uliolinganisha nchi 200 kuanzia 1980 hadi 2018 ulikuta kwamba China, iliyokuwa miongoni mwa nchi zenye lehemu mbaya ya chini kabisa, imepanda kwa kasi kuliko karibu nchi zote na kuzifikia nchi za Magharibi, ambako lehemu ilikuwa inashuka.

Chai haikuondoka China katika miaka hiyo. Tofu bado inauzwa kila kona, na hongqu bado inatia rangi nyama. Kilichobadilika ni sahani iliyozunguka vitu hivyo. Mwanakijiji wa mwaka 1983 alikula nafaka, viazi vitamu na mboga, na nyama ya nguruwe ilimjia siku za sikukuu. Mjukuu wake anaila kila siku, na akichelewa kazini anamimina maji moto kwenye tambi za pakiti, ambazo kwa kawaida hukaangwa kiwandani kwa mafuta ya mawese. Kama chai na hongqu ya jikoni ndizo zilizokuwa zinawalinda mababu, zingeendelea kuwalinda wajukuu.

Shanxi, jimbo la milima na baridi kaskazini mwa China, kuna chakula cha oti kiitwacho kaolaolao. Unga hukandwa kwa maji ya moto, hunyooshwa kwa kiganja juu ya jiwe laini hadi uwe mwembamba kama utando, kisha huviringwa kwenye kidole na kusimamishwa kwenye chombo cha mvuke, mrija kwa mrija, mpaka chombo kizima kionekane kama sega la nyuki. Zamani kilikuwa chakula cha wasio na ngano. Siku hizi hoteli hukiuza kwa sifa za kiafya, na kinapoletwa mezani huja na bakuli mbili za kuchovya. Moja ina siki, pilipili na matango yaliyochanwa. Nyingine ina mchuzi wa kondoo, na mafuta yake yanaelea juu.